Mkono Niliompa Baba Yusta

Asali nzuri haina moshi. Hilo nalijua tangu nikiwa mdogo, na ndiyo sababu mpaka leo nikipita stendi, pale kina mama wanapopanga asali kwenye chupa za maji, siwezi kununua kabla ya kufungua kifuniko na kunusa. Wauzaji wananijua. Wananiita mkaguzi, wanacheka, mmoja huniuliza kama nimetumwa na serikali. Majuzi nilifungua chupa moja nyeusi, nzito, nikanusa, na moshi ukanipanda puani: moshi wa magome na nyasi, moshi wa mtu aliyerina kwa pupa. Nilirudisha kifuniko nikabaki nimesimama juani, nimekasirika kama mtu aliyetukanwa dakika hiyo hiyo. Mama muuzaji akaniuliza, "Vipi, mbaya?" Nikamwambia asali yako haina kosa, mama. Mwenye kosa ni mtu.

Mtu huyo ni Baba Yusta. Alikuwa jirani yetu Itetemia, enzi hizo ukitoka nyumba moja kwenda nyingine unapita katikati ya karanga na mihogo, na binti yake Yusta nilikaa naye dawati moja. Baba Yusta alikuwa mzee wa kanisa. Alikuwa na sauti nene ya kuanzisha nyimbo, na shati jeupe alilolifunga vifungo mpaka kooni hata jua liwake namna gani, na sisi watoto tuliamini kwamba Mungu anafanana naye kidogo. Yeye na baba yangu walikuwa warina asali. Mizinga yao ya magome waliitundika kwenye msitu mmoja, mwendo wa nusu siku kwa baiskeli, na waliporudi tulijua kwa harufu kabla ya kuwaona. Walinuka nta, jasho na majani makavu.

Baba alirina kwa subira. Alinifundisha kwamba nyuki wanataka moshi kidogo tu wa kuwapoza, na kwamba mwenge ukishamaliza kazi yake unauzika kwenye udongo, unaukanyaga, unangoja, kisha unaukanyaga tena. Baba Yusta yeye alikuwa na haraka. Mwenge wake ulikuwa mnene kama paja la mtu mzima, na asali yake ilifika mjini inanuka jiko. Baba alizoea kumtania, "Mwenzangu, wewe unarina au unabanika nyama?" Naye alijibu, "Nyuki wangu wakaidi, bila kiboko hawaelewi." Wakacheka wote wawili mpaka baiskeli zikayumba. Niliupenda sana utani ule. Leo nikiukumbuka natamani kumtia mtu kofi.

Kiangazi kimoja, nikiwa darasa la nne, Baba Yusta alikuja kwetu kuazima ndoo. Baba hakuwepo, alikuwa ametangulia msituni tangu jana yake. Alikuwa na ndoo nne za bati zinazofanana, kila moja amechora jina lake ukingoni kwa msumari, na hakuwa mtu wa kuangalia kama amebeba mbili au tatu. Mama alisema ndoo haijaoshwa, ataileta mtoto. Akaisugua kwa mchanga, akanituma. Niliibeba kichwani, nikamkabidhi Baba Yusta mkononi mwake mwenyewe, naye akanikatia kipande cha sega nitafune njiani. Nilitafuna mpaka utamu ukaisha, ikabaki nta tupu mdomoni. Nalisema hili mapema ili ieleweke kwamba sikusimuliwa na mtu. Ndoo niliipeleka mimi.

Siku mbili baadaye tulikuwa darasani majivu yalipoanza kuanguka. Yaliingia madirishani taratibu, mepesi, meusi, yakatua juu ya madaftari, na sisi kwa ujinga wetu tukawa tunashindana kuyadaka bila kuyavunja. Mwalimu alitoka nje akaangalia upande wa msituni, akarudi akatuambia twende nyumbani. Moto ulikula msitu, ukaruka barabara, ukaingia kwenye mabani, yale majumba ya kukaushia tumbaku, ukateketeza mabani matatu ya watu na tumbaku yote iliyokuwa imetundikwa ndani. Mwenye bani mmoja aliungua mikono yote miwili akijaribu kuokoa chochote. Jioni baba alirudi mweusi tii kwa masizi. Alikuwa ameshinda akipigana na ule moto kwa matawi pamoja na wanakijiji.

Kesho yake shuleni Yusta alinivuta nyuma ya choo. "Baba yangu hana nyusi," aliniambia. "Zimeungua. Na ile ndoo yenu hakurudi nayo. Mama kamuuliza, baba kamfokea. Usimwambie mtu. Apa." Nikaapa.

Watu waliopoteza tumbaku walitaka mtu wa kumkamata, na mtu akapatikana. Bwana misitu na mtendaji wa kijiji walikuja kwetu na ndoo. Ilikuwa imepinda kwa moto, lakini jina lilisomeka. Nyuma yao watu walikuwa wengi, na Baba Yusta naye alikuwepo, na shati lake jeupe, na kofia aliyoishusha mpaka kwenye macho, amekuja kumtia moyo rafiki yake.

"Ndoo hii ni yako?" mtendaji alimuuliza baba.

"Ni yangu."

"Imekutwa pale moto ulipoanzia."

Baba aliishika, akaigeuza, akapitisha kidole juu ya jina lake. Nilimwona akifikiri. Alikuwa amerina karibu na pale siku ile, hilo alilijua. "Mwenge niliuzika," akasema polepole. "Nadhani niliuzika. Labda sikuukanyaga vizuri." Kisha akawageukia wale watu wa mabani, akasema, "Jamani, kama ni mimi, basi ni mimi. Mnisamehe." Mama alikuwa amesimama mlangoni. Alifungua mdomo, akamtazama Baba Yusta, Baba Yusta akamtazama yeye, na mama akaufunga. Mimi nilikuwa nimeshika nguo ya mama, kwa hiyo mambo hayo niliyaona kwa karibu sana.

Mahakamani baba alirudia maneno yale yale, akapigwa mvua mbili jela. Siku aliyochukuliwa nilimwambia mama kuhusu nyusi na kuhusu ndoo. Alinisikiliza mpaka mwisho akiwa anachambua mboga, hakuinua kichwa. "Baba yako amekiri kwa kinywa chake," akasema. "Mimi niseme nini? Nimwite mume wangu mwongo na mzee wa kanisa mchoma misitu? Kwa ushahidi wa nani, wako wewe na Yusta?"

Kesho yake asubuhi tuliamka tukamkuta Baba Yusta shambani kwetu na jembe, ameshainua matuta sita. Alilima shamba letu lote msimu ule, na msimu uliofuata pia. Alituletea matobolwa, vile viazi vitamu vya kuchemsha na kuanika, alituletea kuni, aliezeka jiko. Watu walimsifu mpaka nikachoka masikio. Jirani mmoja alimwambia mama, "Wewe una bahati, ndugu wa damu hawezi kufanya hivi." Mama akajibu ndiyo, ni kweli. Mimi nilikataa kula viazi vyake siku ya kwanza, na siku ya pili mama akaniwekea sahani mbele yangu, akaniinamia, akasema kwa sauti ya chini, "Unataka kula au unataka kusema?" Nilikuwa na njaa. Nikala, na nilimchukia Baba Yusta zaidi kwa sababu vilikuwa vitamu.

Sasa, katika kanisa letu mtu akianguka dhambini hatengwi kwa maneno tu. Anaondolewa kwenye meza ya Bwana, anahamia benchi la nyuma karibu na mlango, na anakaa hapo mpaka siku atakayorudishwa kundini. Siku hiyo anasimama mbele, na usharika mzima unapita kumpa mkono, kuanzia wazee mpaka watoto wa shule ya Jumapili. Mvua zilipoanza, Baba Yusta alikwenda mwenyewe kwa mchungaji akaomba atengwe. Watu walipigwa na butwaa. Wengine walisema ni pombe, anakunywa kwa siri. Wengine walisema ni mwanamke wa Bukene, kwa kuwa aliwahi kwenda huko kwa treni mara mbili. Mchungaji alisema tu kwamba ndugu yetu ameungama na yaliyoungamwa yamebaki kwa Mungu. Basi akakaa benchi la nyuma masika yote, vifungo mpaka kooni, na kina mama wakanong'ona jinsi alivyo mnyenyekevu.

Mimi nilijua dhambi yake ilikuwa nini. Nilimngojea aseme. Kila Jumapili nilijigeuza nyuma kumwangalia, nikifikiri leo atasimama atasema, na kesho baba atarudi na begi lake. Mama alinibana sikio kwa kugeukageuka.

Siku ya kumrudisha ikafika, na alichosema ni hiki: "Nimetubu mbele za Mungu, na Mungu amenisamehe. Naomba na ninyi mnipokee." Basi. Hakumtaja baba wala ndoo. Nilisubiri kidogo nikidhani amepumzika tu ataendelea, lakini alikuwa amemaliza. Mchungaji, mzee mfupi mpole ambaye sikuwahi kumsikia akipaza sauti, akatuambia kwamba msamaha wa Mungu hauna masharti, kwamba mlango wake hauna kufuli. "Leo," akasema, "Mungu anampokea ndugu yetu kwa mikono yenu ninyi." Kwaya ikaanza, foleni ikajipanga.

Maneno yale ya mwisho niliyachukua kama yalivyo. Kwa akili yangu ya miaka kumi nilielewa kwamba Mungu hana mikono ya kwake, anatumia yetu, na kwamba lazima itimie yote. Ukikosekana mmoja, kazi haijaisha, mtu bado yuko nje. Sijui niliwaza hivyo kwa sababu ya namna tulivyokuwa tukibeba maji kwa kupokezana mstarini, au kwa sababu tu nilitaka sana iwe hivyo. Ila nakumbuka jinsi mwili mzima ulivyonisisimka pale kwenye foleni nilipogundua kwamba ninaweza kumzuia Baba Yusta mlangoni kwa Mungu mimi peke yangu, na hakuna atakayejua.

Kukataa kabisa nisingeweza, mama alikuwa nyuma yangu. Nilipofika mbele nilimpa mkono wa kushoto.

Alisita. Mkono wake wa kulia ulibaki hewani, akaniangalia usoni, na nyusi zake zilikuwa zimeota upya lakini nyembamba, hazikulingana. Kisha akaupokea ule wangu wa kushoto kwa mikono yake yote miwili, akaushika muda mrefu kuliko wa watu wengine. Niliunyofoa nikapita. Nyumbani mama alinichapa fimbo za miguu. "Mkono wa kuchambia unampa mtu mzima! Kanisani! Nani kakufundisha?" Nililia kwa sauti kubwa, ndani nikiwa nimejaa furaha. Mkono wa kushoto hauhesabiwi, kila mtu anajua, na hata Mungu anajua.

Kuanzia siku ile nilikaa kuangalia dalili. Mbuzi wake akafa na mimba, nikasema sawa. Upepo ukang'oa bati za jiko lake, nikasema naam. Yusta akaugua surua, hapo nikamwambia Mungu amekosea kidogo, anayemtaka ni baba mtu. Nilikuwa nikipita karibu na nyumba yao namsikia Baba Yusta akiimba bezi yake akichonga mipini ya majembe, nikawa karibu kumwonea huruma, anaimba hajui kama yuko nje. Furaha ya namna ile sijaipata tena maishani. Nilikuwa naipeleka shuleni, naipeleka kisimani, nalala nayo.

Baba alirudi amekonda, na kikohozi. Jambo la kwanza alilotaka, kabla hata ya kupumzika wiki moja, ni kurudishwa kundini, kwa mchungaji mgeni, kwa kuwa yule mpole alikuwa ameshahamishwa. Alisimama pale pale mbele, akawaomba msamaha watu wa mabani mmoja mmoja kwa majina, akamwomba msamaha yule aliyeungua mikono, akaomba msamaha kwa ajili ya miti. Watu walilia. Foleni ilipoanza, wazee wa kanisa walitangulia kama ilivyo desturi, na wa kwanza wao alikuwa Baba Yusta. Alimkumbatia. Nilimsikia kwa masikio yangu akimwambia, "Umesamehewa, ndugu yangu." Baba akaweka uso kwenye lile shati jeupe akalia kama mtoto.

Zamu yangu ilipofika nilimpa baba mikono yote miwili, kisha nikazunguka nikarudi mwisho wa foleni nikampa tena, nikiogopa ya kwanza isije ikawa imepungua.

Haikusaidia. Baba hakuamini kwamba amesamehewa. Mchana alikaa ukutani upande wa kivuli, blanketi mabegani, na ukimpelekea uji alikuuliza maswali ambayo mtoto hana majibu yake. "Hivi unadhani Mungu husahau?" aliniuliza mara moja. Nikamwambia ndiyo, baba, husahau. "Mbona mimi bado nausikia ule moto?" Na siku nyingine, akimwangalia Baba Yusta anavyopita na baiskeli, akasema, "Yule ndiye ndugu. Siku mkikwama, mwendeeni yule." Maneno yalinijaa mdomoni. Nilikuwa na umri wa kutosha kusema sentensi moja: baba, ndoo niliipeleka mimi kwake. Mama alikuwa kizingitini anapepeta karanga, akaacha kupepeta. Nikamwachia baba kikombe chake cha uji nikaondoka. Alikufa kabla hatujavuna karanga zilizofuata.

Hapo ndipo hasira yangu ilipoota meno ya kweli. Asiye na dhambi alikufa akiomba msamaha, na mwenye dhambi alisimama makaburini akaanzisha wimbo. Nilianza pia kuogopa kwamba pengine nimeharibu mimi, kwamba mlango nilioufunga kwa Baba Yusta ulimfungia baba. Woga huo nao nikamwekea Baba Yusta, na yeye ndiye aliyestahili kuubeba.

Nilikua. Naishi Ipuli sasa, nashona sare za shule, nina watoto wangu. Kanisani nakwenda. Nimesikia mahubiri mengi kuhusu msamaha usio na masharti, na kila mara nakunja mikono kifuani mpaka ipite. Sibishani na mhubiri. Najiuliza tu, huyo asiyeweka masharti, je, alishawahi kuwauliza waliochomewa?

Siku chache baada ya ile asali ya stendi, Yusta alinipigia. Hatukuwa tumeongea muda mrefu. "Baba amelala chini," akasema. "Hapandi tena kitandani wala hashuki bila kushikwa. Anakutaja wewe. Njoo, shoga yangu, nakuomba." Nilipanda bodaboda mchana ule ule. Nitakuwa mkweli: nilikwenda kumwangalia anavyokufa.

Alikuwa kwenye godoro sebuleni, mdogo, macho makubwa, shati limefungwa mpaka kooni.

"Shikamoo."

"Marahaba, mayu, mama yangu. Kaa hapa karibu." Alipumua kidogo. "Mungu alishanisamehe, mwanangu. Nimebakiza wewe tu."

Nimebakiza wewe, kama mtu anayemalizia palizi. "Kama Mungu alishakusamehe," nikamwambia, "mimi wa nini?"

Yusta akasema, "Taratibu, jamani."

"Mwache," mzee akasema. Kisha akaniambia, "Ulinipa wa kushoto."

"Kumbe ulijua."

"Nilijua. Kila nikiikaribia meza ya Bwana nauona ule mkono mdogo. Miaka yote. Nakula mkate nauona."

Nilifurahi. Sitaficha, nilifurahi mpaka nikaona aibu kutabasamu mbele ya Yusta. Kumbe ule mkono ulifika, ulifanya kazi, nilimtesa mtu kwa mkono mmoja tangu utoto wangu mpaka uzee wake. Nikamuuliza, "Na mchungaji ulimwambia nini?"

Alifumba macho, nikadhani amelala. "Nilimwambia yote. Akasema, nenda kituoni ukaseme, mwenzako atoke, kisha uje nikurudishe. Nikaenda. Nikafika mpaka relini, nikakaa kwenye jiwe. Nikamfikiria Yusta na mama yake. Nikarudi, nikamwambia mchungaji nimekwenda, wamesema kesi imekwisha haifunguliwi." Machozi yalimtoka, hakuyafuta. "Aliniamini. Alinisimamisha mbele akiwa ananiamini."

Kwa hiyo hata ule msamaha aliuiba. Nilimwambia hivyo. Nikamwambia na lingine, bila kupanga, likatoka tu: "Jumapili uende ukaseme. Kanisani, mbele ya watu, umtaje baba yangu kwa jina. Ukisema, nakupa wa kulia."

Nilikuwa na hakika hataweza. Nilitaka asiweze, ili afe, na mimi nibaki upande wa haki.

Jumapili wakamleta kwa bajaji. Yusta na mumewe walimshika kwapani wakamweka kwenye kiti mbele, na mchungaji wa sasa, kijana ambaye hakuwa amezaliwa wakati wa moto, akatuambia mzee wetu ana neno. Mama yangu alikuwa pembeni yangu, mzee naye, na fimbo yake. Baba Yusta hakuwa na ile sauti tena, ilibidi watu waache hata kukohoa.

"Moto ni wangu," akasema. "Ule ulioteketeza mabani. Ndoo niliazima mimi kwa mke wake, akaileta mtoto. Elia Maganga alifungwa bure, na mimi nilinyamaza. Alivyotoka nikampa mkono, nikamwambia amesamehewa. Hakuwa na la kusamehewa. Nilimdanganya mpaka kaburini. Na mchungaji wetu wa zamani nilimdanganya. Mmenisikia."

Nyuma mtu mmoja alisema "Yesu wangu" kwa sauti ndogo. Alikuwa amesema kila kitu nilichokitaka, na zaidi. Nilingoja nafsi yangu ilegee, kama wanavyosema inavyolegea. Haikulegea. Nilikuwa nimekaa pale nimepewa nilichoomba, na nilichohisi ni kwamba ni kidogo, kimekuja kwa urahisi, kimemgharimu dakika tatu.

Mchungaji akauliza kama tunampokea. Wa kwanza kusimama alikuwa mama yangu. Alishika fimbo yake, akanigusa bega. "Twende."

"Sitaki."

"Uliahidi. Yusta kaniambia uliahidi."

"Baba hayupo kwenye hii foleni, mama."

"Na mimi je?" akasema. "Mimi ulinisamehe lini?"

Akangoja kidogo, kisha akaenda, fimbo ikigonga sakafu, akamshika Baba Yusta mkono, na wale wazee wawili wakabaki wameshikana hivyo. Nyuma yake wakafuata wengine, mmoja baada ya mwingine, hata mtoto wa yule aliyeungua mikono kwenye bani lake. Baba Yusta alikuwa akiwapokea bila kuwaangalia. Alikuwa akiniangalia mimi juu ya mabega yao. Mikono yangu niliikalia, yote miwili, na ilikuwa inauma.

Foleni iliisha. Yusta alinigeukia na uso uliolowa. Mchungaji alinitazama, akangoja kwa heshima kadiri alivyoweza, akatazama saa ya ukutani. Kisha akainua mikono, akamwombea mzee, akatamka kwamba amepokelewa, na watu wote wakasema amina bila mimi.